Sketi ya Kipande cha Kumi na Moja

Mdogo wangu Clem ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kusoma sheria. Wenzake wakistaafu hulima nyanya au huenda kuvua. Yeye anasoma kitabu cha kanuni za ligi ya spidwei, kurasa mia na themanini na kitu, kalamu nyekundu mkononi na chai inapoa pembeni. Nimemwambia mara ngapi: Clem, hicho kitabu hata waliokiandika hawajakisoma. Hanisikii. Nina miaka sabini na moja sasa, nimechoka kusema, ndiyo maana naandika.

Spidwei ni mchezo wetu hapa Wexholme tangu kabla baba hajaoa. Pikipiki nne, gia moja, breki hakuna, mizunguko minne ya kupinda kushoto tu huku mguu ukiburura kwenye changarawe nyekundu. Dakika moja, imekwisha. Mbio kumi na tano kwa mechi, na baada ya kila moja shabiki mwenye akili zake anajaza matokeo kwenye kijitabu cha mechi. Mimi ninavyo vijitabu vya miaka arobaini na moja, vimo kwenye makasha chini ya kitanda, na hakuna ukurasa usiojazwa. Hata ile mechi niliyoshikwa na uchungu wa mwanangu wa pili niliijaza mpaka mbio ya kumi na tatu. Zile mbili zilizobaki nilizijaza hospitalini, nikisimuliwa na nesi ambaye mumewe alikuwepo uwanjani.

Clem hajazi kitu. Kazi yake yeye ni ukuta. Kwenye kona zote mbili tuna ukuta wa hewa: mito mikubwa ya turubai inayojazwa upepo, imepangwa kipande kwa kipande mbele ya mbao za uwanja, ili mtu akirushwa aangukie kwenye ulaini. Vipande ishirini na viwili, kumi na kimoja kila kona. Na kwa kuwa uwanja ni wa mbwa pia, wanaokimbizwa Alhamisi na Jumamosi, kila baada ya mechi ukuta unatolewa upepo, unakunjwa, unawekwa stoo, halafu unarudishwa tena. Nani anaurudisha? Clem na wastaafu wenzake wanne. Malipo yao ni chai na pai ya nyama moja kila mtu, na pai yenyewe siku hizi imekuwa ndogo.

Sasa sikiliza kasoro ilipo. Magurudumu yanatupa changarawe kwa nje. Inarundikana chini ya ukuta, inachimbika, inabaki pengo. Pikipiki ikija imelala, gurudumu linaingia kwenye lile pengo na kukiinua kipande kama mtu anavyoinua zulia kufagia chini, na aliyekuwa juu yake anateleza mpaka kwenye mbao. Ndivyo alivyoumia Ruddock, nahodha wetu, miaka tisa iliyopita. Clem ndiye aliyetambaa kule nyuma kumtoa. Alipotolewa, buti lake moja lilikuwa linaangalia nyuma. Ruddock sasa anatembelea kiti cha magurudumu na anauza tiketi pale getini. Ukimpa pole anakwambia yeye ndiye mtu pekee klabuni mwenye uhakika wa kukaa.

Clem alitengeneza turubai za malori miaka thelathini na minane. Wiki mbili baada ya Ruddock kuumia akaja kwangu na mchoro. Ukanda wa turubai nzito, upana wa mkono mzima, unashonwa chini ya kila kipande, unalala juu ya ardhi kuelekea ndani ya njia na kufukiwa kidogo. Gurudumu likija linaupanda ule ukanda, na uzito wake wenyewe unakikandamiza kipande chini. Hakuna pengo. Akauita sketi. Hata mimi nisiyejua kuweka kiraka nilielewa.

Akaiandikia halmashauri ya ligi. Ikamjibu kwa adabu kwamba wanamshukuru na jambo lake litafikishwa kwenye kikao cha majira ya baridi. Hicho kikao ndicho kinachonitoa roho. Wenye klabu wanajifungia hotelini siku tatu kila Novemba. Wao ndio watunga sheria, wao ndio wanaozivunja, na kesi ikija wao ndio mahakimu. Wakitoka wana mambo mapya: wastani wa pointi wa timu umeshushwa, mbio ya kuhesabiwa pointi mara mbili imerudi, au ile iliyorudi mwaka jana imeondolewa. Mwaka mmoja walimaliza siku nzima kwenye rangi za helmeti. Sketi haikutajwa. Clem akaandika tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Barua saba, majira saba ya baridi, shukrani saba. Nikamwambia unampigia mbuzi gitaa. Akasema mbuzi naye ana masikio. Akapeleka ya nane.

Shukrani ya nane ilipofika, aliisoma, akaikunja, akaenda gereji kwake. Januari mpaka Machi alikuwa huko na shazia yake, ile sindano nene ya turubai, na uzi wa nta, na ile kinga ya ngozi ya kiganjani aliyopewa kiwandani siku aliyoanza kazi. Turubai alipata mabaki ya kiwanda. Sketi ishirini na mbili. Msimu ulipoanza akazishonea ukutani zote, na Pritchett, mwenye klabu yetu, akapita akasimama.

"Hiki nini, Clem?"

"Sketi."

"Zinanigharimu?"

"Hapana."

"Basi sijaziona," akasema Pritchett, akaenda zake kula.

Aprili mpaka Agosti watu sita waligonga ule ukuta na hakuna aliyeingia chini. Mashabiki walimtania Clem sana. Walimuuliza kama amewanunulia na viatu vya kuchuchumia. Alifurahi, ingawa hakuonyesha. Mimi namjua mdogo wangu. Akifurahi anapiga mluzi nusu wimbo na kuuacha.

Ikafika Jumatatu ya sikukuu mwishoni mwa Agosti. Mechi na Marlstead, tukishinda tunaingia kwenye mchujo wa ubingwa, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka kumi na miwili. Watu walijaa tangu saa sita mchana. Refa alikuwa bwana Loveday, mtu safi, mwembamba, anayetembea na ubao wake wa karatasi kifuani. Marefa wengine wanaukagua ukuta wakiwa wamesimama katikati ya uwanja na kikombe cha kahawa. Loveday aliinama. Alifukua changarawe kwa kidole, akavuta ncha ya sketi, akafungua kitabu chake. Nilikuwa hatua nne tu nyuma ya uzio, kila neno nililisikia.

"Mzee Clem, hii imetoka kwa mtengenezaji?"

"Imetoka kwangu."

"Basi ukuta hauna cheti. Kipande kilichoongezwa kitu na mtu asiyeidhinishwa kinapoteza cheti chake. Ukurasa wa—"

"Tisini na saba, aya ya pili," akasema Clem. "Najua."

"Unajua, na umefanya?"

"Bila sketi mtu ataingia chini."

"Bila sketi ukuta una cheti. Ziondoe, au nafuta mechi."

"Cheti hakimshiki mtu anayeteleza, bwana Loveday."

Refa alivua miwani akaifuta. Alionekana kuona haya, hilo nampa. "Sikuiandika mimi," akasema.

"Aliyeiandika yuko wapi?"

"Ana mechi yake leo. Humpati mpaka kikao cha Novemba."

Pritchett alikuwa amesimama karibu, anatazama mawingu. Clem alimwangalia. Pritchett akasema, "Fanya anavyosema refa, Clem. Mimi hata sikujua vitu hivi vipo." Nilitaka kumtupia chupa yangu ya chai, lakini ilikuwa imejaa.

Basi Clem akapiga magoti na kisu kidogo akaanza kufumua kazi ya miezi mitatu mbele ya watu elfu mbili. Wakati anafumua, manahodha wawili wakapita kufanya ule mzunguko wao. Ni desturi: kabla ya mechi manahodha wanatembea njia nzima na kutia saini kwamba njia na ukuta viko sawa. Hakuna anayeangalia. Wanazungumza habari za vyumba vya kupanga na watoto. Nahodha wa Marlstead alikuwa Jeppe Lindgaard, Mdenmaki mrefu mwenye pua iliyovunjika. Alipopewa karatasi hakuwa na pa kuiwekea, akaiweka juu ya mgongo wa Clem aliyeinama, akatia saini hapo, akasema asante mzee, akaendelea. Clem hakuinua hata kichwa.

Alifumua sketi ishirini na moja. Ya kipande cha kumi na moja, pale ambapo kona ya kwanza inaisha na wote wanne wanapanuka kugombea nafasi, hakuifumua. Aliirudishia changarawe juu vizuri, akafuta magoti, akaja kukaa. Hakuniambia. Angeniambia ningemkataza, kwa hiyo hakuniambia.

Mbio ya kumi na tatu, mzunguko wa kwanza, gurudumu la mbele la Lindgaard lilikwama kwenye tuta la changarawe. Pikipiki ikalala, yeye bado ameishika, wakaenda pamoja moja kwa moja mpaka kipande cha kumi na moja, chini kabisa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, pikipiki ilikuwa imesimama kwa mkia juu ya sketi na Lindgaard alikuwa amedundwa hatua tatu kurudi njiani. Uwanja ulinyamaza. Kwetu mtu akianguka hakuna anayesema neno, awe wetu awe wao, mpaka hali yake ijulikane. Akakunja goti moja, halafu la pili, akasimama. Watu wakampigia makofi. Clem alipiga mluzi nusu wimbo. Nikageuka nikamtazama, na hapo nikajua.

Tulishinda arobaini na sita kwa arobaini na nne. Ungesikia ule uwanja. Lakini meneja wa Marlstead alikuwa amekwenda kusaidia kuinua pikipiki, akaona kilichokuwa chini yake, na kanuni inakupa nusu saa ya kuandika malalamiko. Aliandika kwa dakika kumi na mbili. Mtu wake yuko hai, anakula chipsi uani na miguu yake yote miwili, na yeye anaandika kwamba ukuta uliomwokoa haukuwa halali. Shukrani ya punda mateke, lakini hata punda anangoja ugeuke kwanza.

Kesi ilisikilizwa Oktoba, kwenye chumba cha mikutano cha kukodi, watu watatu mezani na wawili kati yao ni wenye klabu. Clem alivaa suti yake ya mazishi. Pritchett alieleza kwa utulivu kwamba hakuwa na habari yoyote ya sketi.

"Ulijua ni kinyume cha kanuni?" mwenyekiti akamuuliza Clem.

"Nilijua."

"Na uliagizwa kuziondoa zote?"

"Niliagizwa."

"Kwa nini basi uliacha moja?"

"Kwa sababu hapo ndipo wanapogonga," akasema Clem. "Na mmoja amegonga. Muulizeni Lindgaard."

"Afya ya Lindgaard haiko mbele ya kikao hiki," mwenyekiti akasema, akageuza ukurasa.

Hilo neno nililiandika papo hapo nyuma ya bahasha, na bahasha ninayo. Matokeo yakafutwa. Marlstead wakaingia kwenye mchujo badala yetu, Wexholme ikapigwa faini, na Clem akafungiwa miaka miwili asikanyage ndani ya uzio wa uwanja wowote wa ligi. Lindgaard hakuonekana wala hakutuma salamu. Watu mtaani walimlaumu Clem. Jirani yetu aliyekuwa akimtania habari za viatu alivuka barabara asimsalimie. Miaka kumi na miwili tunangoja mchujo, na tumeukosa kwa ajili ya kipande cha turubai. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ukiziba ufa unapelekwa kikaoni.

Ule mwezi wa Novemba wakakaa hotelini tena siku tatu. Faini ya kubandika kitu ukutani iliongezwa mara mbili. Hilo ndilo jambo pekee walilolisema kuhusu ukuta.

Jumatatu ya Pasaka, mechi ya kwanza ya msimu, ratiba ikatuletea nani kama si Marlstead. Nilimbembeleza Clem aje akae jukwaani, nje ya uzio, kama mtu wa kawaida. Alikuja. Alikaa mikono mapajani akiwatazama wale wastaafu wanne wakipanga vipande, na kila walipokosea alitikisa goti. Mimi nilikwisha andika majina yote kwenye kijitabu, kalamu tayari. Refa alikuwa Loveday yule yule.

Manahodha wakatoka. Wetu alitembea, Lindgaard alitembea, wakafika kipande cha kumi na moja, na Lindgaard akasimama. Aliingiza buti lake chini ya ukuta. Likaingia mpaka katikati ya muundi. Akalitoa, akaliingiza tena mahali pengine. Loveday akamletea karatasi. Lindgaard akatikisa kichwa, akakaa chini kwenye changarawe, akaweka helmeti yake mapajani.

Dakika kumi zikapita, ishirini. Watu wakaanza kuzomea. "Tia saini twende, Mdenmaki," mmoja nyuma yangu akapiga kelele. "Umeogopa mto?" Nikageuka nikamwambia akavae yeye hiyo helmeti kama kiuno chake kitaingia kwenye pikipiki. Kisha nikamwona Pritchett anapanda ngazi kuja kwetu, kofia mkononi.

"Clem, ndugu yangu," akaanza.

"Undugu ulikwisha Oktoba," nikamjibu mimi.

"Beryl, tafadhali. Clem, Lindgaard hatii saini mpaka sketi zirudi. Timu yake yote iko naye, na sasa wetu nao wameanza."

"Refa anasemaje?" akauliza Clem.

"Anasema kanuni haisemi afanye nini nahodha akikataa."

"Haisemi," akasema Clem. "Niliwaandikia hilo pia. Barua ya tano."

Pritchett akashusha sauti. "Loveday anakwenda kunywa chai. Atakunywa dakika arobaini, na hataangalia kona ya kwanza."

"Aandike kwamba ameruhusu."

"Hawezi kuandika, Clem. Unamjua."

"Basi andika wewe."

"Nikiandika nitafungiwa."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia Pritchett kwamba mdogo wangu amewabebea ukuta huu miaka ishirini kwa pai, kwamba yeye Pritchett alimkana uso kwa uso mbele ya mwenyekiti, na sasa anakuja kumwomba avunje kifungo chake ili yeye auze tiketi, na karatasi moja tu ya kumkinga hataki kuitoa. Nikamwambia kama hakuna mwenye ubavu wa kuandika, basi wasikimbie, watu warudi nyumbani. Nilisema na mengine ambayo si ya kuandikwa. Pritchett alisikiliza yote akiizungusha kofia yake.

Clem hakuwa akinisikiliza. Alikuwa anamtazama Lindgaard aliyekaa pale chini.

"Wakimpata mwingine wa kutia saini, watakimbia hivyo hivyo," akasema. "Beryl, nipe ufunguo wa gari."

"Wa nini?"

"Sketi zimo kwenye buti ya gari."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Nilijua watakuja."

"Ulijua watakuja mwaka huu?"

"Mwaka sikujua," akasema.

Nilikasirika, na wa kumkasirikia zaidi sikumjua, wao au yeye. Watu kama hao wanaishi mjini kwa sababu wapo watu kama Clem. Lakini kushona turubai kunahitaji wawili, mmoja avute na mmoja apitishe uzi, na wale wastaafu vidole vyao vimekufa ganzi. Nikaweka kalamu ndani ya kijitabu, nikakitia mfukoni, nikamfuata.

Tulichagua vipande vinne tu, cha nane mpaka cha kumi na moja, maana dakika arobaini haziwezi zaidi. Nilipiga magoti kwenye changarawe na sketi yangu ya sikukuu, nikavuta. Clem alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Matundu ya shazia ya mwaka jana yalikuwepo bado, akayafuata moja moja. Lindgaard alikuja kutushikia mwanzo wa turubai.

"Wewe mwaka jana ulikuwa wapi?" nikamuuliza. "Mtu amefungiwa kwa ajili yako, hata salamu?"

"Mama, siku ya kesi nilikuwa nyumbani Denmark. Meneja aliniambia shauri limekwisha vizuri. Kwamba mzee amefungiwa nilikuja kujua Krismasi."

"Na ulipojua hukuandika."

"Niliandika. Kwa halmashauri."

"Wakasemaje?"

Lindgaard akajikuna pua yake iliyovunjika. "Wakanishukuru," akasema.

Clem akacheka. Alicheka mpaka miwani ya juu ikaanguka kwenye changarawe, na mimi tangu Oktoba sikuwa nimemsikia akicheka. Akaiokota, akaipangusa kwa shati, akaendelea kushona.

Tulipofunga fundo la mwisho ilikuwa imebaki dakika moja. Loveday alikuwa anatoka chumbani kwake polepole sana, anaangalia viatu vyake. Lindgaard aliitwaa karatasi, akapiga goti, akaiweka juu ya paja lake mwenyewe, akatia saini. Akampa Clem mkono. Kisha Pritchett akatujia na vikombe viwili vya chai.

"Asante, Clem. Sasa naomba utoke kabla hatujaanza. Ukionekana ndani, mimi sikukuona, lakini mwingine atakuona."

"Nimelipa tiketi," akasema Clem.

"Umekanyaga ndani ya uzio. Nitakurudishia. Na wewe, Beryl, umeshiriki."

Miaka hamsini na saba nimeingia uwanja ule na sijawahi kutolewa. Tulitolewa kupitia geti la magari, kila mmoja na kikombe chake, kama watu waliovamia harusi. Ruddock alikuwa kibandani kwake. Alitutazama magoti, mekundu kwa changarawe, akauliza tumeshona vingapi. Clem akamwambia vinne. Ruddock akatingisha kichwa kwamba ni vizuri, akakigeuza kiti chake kuelekea kidirisha cha nyuma, ambako kwenye ufa kati ya jukwaa na mabanda ya mbwa kunaonekana kipande kidogo cha kona ya kwanza.

Tukakaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho. Mbio ya kwanza tuliisikia, ya pili, ya tatu. Nilijua nani ameanza vizuri kwa mlio tu, lakini nani ni nani sikujua, na kijitabu kilikaa mfukoni. Chai ilikuwa ya baridi.

Mbio ya sita injini nne zilitoka pamoja. Zikaingia kona. Zikawa tatu, kisha zote zikazimwa, na uwanja ukanyamaza. Huo ukimya naujua. Nimeusikia kwa Ruddock, ulikaa dakika kumi na moja. Clem alisimama. Kikombe kilimwagika viatuni mwake na hakuona. Geti lilikuwa hatua ishirini kutoka pale na haruhusiwi kulivuka, na mimi pia, na tukakaa tumesimama hivyo tunautazama mlango wa bati.

Yakaja makofi, kidogo kwanza, halafu jukwaa zima.

Ruddock akatoa kichwa kidirishani. "Amesimama," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Rangi ya helmeti siioni kutoka hapa. Kipande cha tisa au cha kumi. Anatembea mwenyewe."

Clem akakaa. Mle ndani pikipiki zikaanza kunguruma tena kwa marudio ya ile mbio, na mtangazaji akasoma jina ambalo upepo ulilichukua.

"Beryl," akasema, "una karatasi?"

Nilikuwa na moja tu, ya kijitabu cha mechi. Niliitoa mfukoni nikaitazama. Majina yote yameandikwa vizuri, mbio kumi na tano, visanduku vyote vyeupe. Nikampa pamoja na kalamu. Akaiweka gotini, akaandika juu ya visanduku kwa ule mwandiko wake wa kiwandani: Kwa Halmashauri ya Ligi. Barua ya tisa. Kuhusu vipande kumi na vinane vilivyobaki. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa, nikaenda kumwomba Ruddock chai nyingine.